Jinsi ya kupima daraja la sarafu ya kale: mwongozo kamili, kutoka Lamu

Picha ninazotumiwa zinafanana. Sarafu imelazwa kiganjani, imesuguliwa mpaka imewaka, na chini yake swali: "Hii ni daraja gani, bwana?" Jibu langu halipendwi: daraja lake lilikuwa zuri mpaka jana, ulipoitia ndimu.

Ndimu ndilo kosa la kwanza. La pili ni kuchanganya sarafu iliyochakaa na ile iliyotoka kiwandani bila kupigwa chapa sawasawa. La tatu ni kutazama upande mmoja tu, ule unaopendeza. Makosa haya yanarudi kila mwezi, kwa hiyo nimeona niiandike kazi yote hatua kwa hatua, kwa kutumia sarafu ambazo kweli hutoka kwenye masanduku ya Mkomani na Langoni, mitaa ya Lamu: riale, rupia, pesa za shaba zenye mizani, shilingi za simba, peni (senti kumi) na ndururu (senti tano) zenye tundu.

Kabla ya yote, shika jambo hili. Unatoa hukumu mbili. Daraja ni kiasi cha mchoro kilichopotea kwa sarafu kupita mikononi mwa watu. Hali ni madhara mengine yote: tundu, kipete kilichochomewa, mkwaruzo, kutu, kusafishwa. Sarafu yaweza kuwa na daraja la juu na hali mbaya, au daraja la chini na hali safi kabisa. Ukizichanganya hukumu hizi, hutaelewana na mnunuzi yeyote.

## Vifaa

- Lenzi ya sonara inayokuza mara 10, na kioo cha kawaida kinachokuza mara 4 au 5. Daraja hupimwa kwa macho na kioo kidogo. Lenzi kubwa ni ya kutafuta madhara. Ukipima daraja kwa lenzi kubwa, kila sarafu itaonekana mbovu.
- Mizani ya kidijitali ya sonara inayosoma mpaka gramu 0.01.
- Kalipa, yaani kifaa cha kupimia kipenyo, ikiwezekana ya plastiki. Ya chuma inakwaruza.
- Taa moja ya meza yenye shingo ya kupinda.
- Leso kuukuu au taulo, ikunjwe mara mbili au tatu.
- Sumaku ndogo, uzi mwembamba na glasi ya maji.
- Kijiti cha meno cha mbao.
- Daftari na kalamu.
- Bahasha ndogo za karatasi, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usivitupe.

Visivyohitajika: ndimu, ukwaju, majivu, dawa ya meno, dawa ya kung'arishia shaba, na mjomba anayejua kusafisha.

## Hatua ya 1: Andaa meza

Funga dirisha la upande wa bahari na uzime feni. Mizani ya gramu 0.01 husoma hata upepo, na namba zikichezacheza utaandika uzito wa uongo.

Tandika leso mezani na ufanyie kazi yote juu yake. Sarafu ya fedha ikianguka kwenye sakafu ya saruji, pigo la ukingoni halifutiki.

Nawa mikono, kausha vizuri, kisha shika sarafu kwa ubavu wake, kidole gumba na cha shahada. Usiguse uso wake. Jasho lina chumvi, na alama ya kidole juu ya shaba nyekundu inaweza kubaki hapo maisha.

Taa iwe moja tu, iliyo kando yako. Usipime barazani saa sita mchana: jua la pwani huficha mikwaruzo myembamba na huipa fedha iliyosafishwa sura ya fedha mpya. Taa ndefu za dari nazo hazifai, kwa sababu mwanga wake hutoka kila upande na vivuli hupotea. Bila vivuli huwezi kuona mchoro umeinuka kiasi gani.

Umefaulu ukiinamisha sarafu kidogo chini ya taa na kuona kivuli kikihama kutoka upande mmoja wa herufi hadi mwingine.

## Hatua ya 2: Itambue

Huwezi kusema mchoro umepotea kiasi gani kama hujui ulikuwaje. Tafuta picha ya sarafu ya aina hiyohiyo ambayo haijatumika na uiweke kando yako. Ukiruka hatua hii, zinazofuata zote ni kubahatisha.

Haya ndiyo yanayowachanganya watu.

Riale ya Maria Theresa. Mwaka wake ni 1780 daima. Malkia huyo, mtawala wa Austria, alifariki mwaka huo, na sarafu ikaendelea kupigwa kwa mwaka uleule, Vienna na baadaye viwanda vingine, vikiwemo vya Rome, London, Paris na Bombay. Kwa hiyo 1780 haikuambii umri wa riale yako. Ukiambiwa "ina karne mbili na nusu", uliza imejulikana vipi.

Shaba zenye mizani. Zipo mbili, na watu huzipa jina moja. Pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar ina maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria, 1299 au 1304, yaani karibu 1882 na 1887. Ile ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ina maandishi ya Kilatini, jina la Mombasa na mwaka 1888. Aliyepita chuo cha Kurani hatahitaji msaada kusoma ١٢٩٩.

Rupia ya India. Ya Victoria iliyoandikwa QUEEN ni ya kabla ya 1877. Baada ya hapo neno ni EMPRESS.

Shilingi ya Afrika Mashariki. Simba mbele ya milima upande mmoja, mfalme upande wa pili. Zilianza 1921. Mpaka 1946 zina fedha robo moja tu. Za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa.

Peni na ndururu. Tundu la katikati limetoka kiwandani na si hitilafu. Lina ukingo ulioinuka kuzunguka pande zote. Soma jina la mfalme: zile za 1936 zilizoandikwa EDWARDVS VIII ni za mfalme aliyeacha kiti mwaka huohuo kabla ya kutawazwa. Zinapatikana bila shida, usiuze nyumba kwa ajili yake, lakini zitenge.

### Onyo la kisheria, na lisomwe hapahapa

Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale kinacholindwa. Kukifanyia biashara kunahitaji leseni, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Pesa ya Barghash na ile ya Mombasa ya 1888 zimo ndani ya mstari huo. Shilingi ya simba haimo.

Sarafu iliyotoka ardhini ni jambo jingine tena. Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wa kitaalamu walipata sarafu ndogo za fedha zenye majina ya watawala wa mahali hapo. Manda na Mambrui zimepatikana sarafu za shaba za Kichina za mfalme Yongle. Thamani ya vitu hivi iko kwenye udongo uliovizunguka kuliko kwenye madini yake. Ukikuta sarafu kwenye magofu, iache ilipo, ipige picha, upeleke taarifa Makumbusho ya Lamu. Mwongozo huu ni wa sarafu za mkebeni.

## Hatua ya 3: Uzito, kipenyo, sumaku na maji

Kupima daraja la sarafu bandia ni kupoteza mafuta ya taa. Kwa hiyo thibitisha kwanza.

Vipimo vya kiwandani ni hivi:

- Riale ya Maria Theresa: gramu 28.07, kipenyo kati ya milimita 39.5 na 41, fedha sehemu 833 kwa 1000.
- Rupia ya India: gramu 11.66, fedha sehemu 917 kwa 1000.
- Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 hadi 1946: gramu 7.78, kipenyo karibu milimita 28, fedha sehemu 250 kwa 1000.

Sarafu iliyotumika hupungua uzito kidogo, na hilo ni sawa. Riale ya gramu 27.7 iliyolainika haina ajabu. Riale ya gramu 25 yenye mchoro mkali ina la kujieleza, kwa sababu uzito haupotei bila mchoro kupotea pamoja nao.

Sumaku: fedha, shaba nyekundu na shaba ya peni hazivutwi. Ikivutwa, weka kando. Isipovutwa bado hujathibitisha kitu, maana risasi na shaba ya njano navyo havivutwi, na ndivyo wanavyopenda walaghai.

Kipimo cha maji kinamaliza ubishi kwa riale na rupia. Weka glasi yenye maji juu ya mizani na uirudishe mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi, izamishe yote ndani ya maji bila kugusa kuta wala chini, bila viputo. Namba inayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo.

Riale ya kweli ya gramu 28.07 itasoma karibu 2.75, na ukigawanya unapata 10.2. Shaba ya njano iliyopakwa fedha, kwa uzito uleule, itasoma karibu 3.3. Rupia nzima itasoma karibu 1.13. Sarafu yenye kipete au iliyozibwa tundu haitatoa jibu safi, kwani risasi ya kuchomelea imeingia kwenye hesabu.

Baada ya maji, kausha kwa kugusisha kitambaa laini. Usisugue. Na usifanye kipimo hiki kwa sarafu ya shaba yenye kutu ya kijani, maji yanaiamsha.

Umefaulu ukiwa na uzito, kipenyo na jibu la sumaku daftarini, na vyote vinakubaliana.

## Hatua ya 4: Zungusha ubavu

Watu huruka ubavu, na ubavu ndio usioweza kudanganya kwa urahisi.

Riale ina maneno yaliyoinuka ubavuni, IUSTITIA ET CLEMENTIA, pamoja na mapambo kati yake. Zungusha polepole chini ya lenzi. Unatafuta mambo matatu. Kwanza, mstari mwembamba unaozunguka ubavu wote katikati: huo ni mshono wa sarafu ya kumwagwa kwenye kalibu. Pili, herufi zilizovimba na kulainika huku uso ukionekana mkali: kalibu tena. Tatu, na hili ndilo la hapa kwetu, kipande kifupi cha ubavu juu ya kichwa cha malkia ambapo herufi zimepotea na rangi ni tofauti. Hapo palikuwa na kipete. Riale nyingi za Lamu zilivaliwa shingoni kabla hazijaingia mkebeni, na sonara akiondoa kipete hupiga tupa pale palipobaki risasi. Ukipitisha ukucha utahisi bapa dogo.

Rupia na shilingi zina mistari iliyosimama ubavuni. Peni ni laini.

## Hatua ya 5: Soma sehemu zilizoinuka

Sarafu huchakaa pale palipo juu zaidi, kwa sababu ndipo pesa nyingine, mfuko na vidole vinapogusa. Uwanja, yaani sehemu bapa isiyo na mchoro, huguswa mwisho. Kwa hiyo kila sarafu ina vituo vyake vitatu au vinne, na hivyo ndivyo vya kutazama kwanza.

Riale: nywele juu ya paji la uso, bruchi ya begani yenye lulu, kifua; na upande wa pili, wenye tai, ngao ya kifuani mwake na manyoya ya mkia. Rupia ya Victoria: taji, nywele, shavu, mapambo ya nguo kifuani. Pesa ya mizani: kamba za mizani na sahani zake. Kamba hufutika kwanza, kisha sahani hubaki zikielea peke yake. Peni: taji juu ya tundu, na pembe za ndovu upande wa pili.

Shilingi ya simba naitumia kufundishia, kwa sababu kila nyumba inayo. Chukua ya 1924, ya George V.

Anza upande wa mfalme. Tazama ukanda wa taji na vito vyake. Je, unaweza kutenganisha kito na kito, au vimekuwa mstari mmoja? Shuka kwenye nyusi na sikio. Shuka kwenye joho begani, uone kama mapambo yanasomeka.

Geuza. Tazama manyoya ya shingo ya simba. Kwenye sarafu mpya nywele zinatengana. Kisha bega lake na paja. Mwisho milima iliyo nyuma, ambayo iko chini na huchelewa kufutika.

Sasa rangi. Shilingi hii ni robo fedha na nyingine karibu yote ni madini ya chini. Ngozi yake ya juu ndiyo nyeupe. Ngozi hiyo ikisuguliwa, sehemu zilizoinuka hubadilika kuwa za manjano au za rangi ya shaba huku uwanja ukibaki mweupe. Bega la simba likiwa na umanjano, uchakavu upo hata kama mchoro bado unaonekana. Kipimo hiki kinawashinda hata wenye macho makali, kwa sababu wamezoea kutafuta mistari, sio rangi.

Umefaulu ukiweza kuandika kwa kila upande: hiki kipo, hiki kimelainika, hiki hakipo.

## Hatua ya 6: Imechakaa, au ilipigwa hafifu?

Hapa ndipo wengi wanaangukia. Wanaona bega la simba ni bapa, wanashusha daraja mara mbili. Pengine sarafu haijawahi kutumika. Kiwandani madini hayakujaza mchoro wote.

Inamisha sarafu, tazama ule ubapa wenyewe:

1. Ubapa ukiwa na rangi na mng'aro uleule wa uwanja, au una vikwaruzo vidogo vya ile duara tupu kabla ya kupigwa, ni kupigwa hafifu.
2. Ubapa ukiwa laini, wa rangi tofauti, umefifia, ni uchakavu.
3. Geuza sarafu utazame mahali palepale upande wa pili. Madini yasiyotosha hukosekana pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kama nyuma ya ubapa kuna udhaifu vilevile, huku vituo vingine vyote ni vikali, lawama ni ya kiwanda.

Sarafu iliyopigwa hafifu inabaki na daraja lake, ila andika "imepigwa hafifu begani". Wanunuzi wengine huipunguzia bei, na wana haki.

## Hatua ya 7: Mng'aro wa kiwandani

Sarafu mpya haing'ai kama kioo. Madini yanapokandamizwa hutiririka kuelekea ukingoni na kuacha vijistari visivyoonekana kwa macho. Vijistari hivyo ndivyo vinavyovunja mwanga. Chini ya taa moja, zungusha sarafu taratibu: miale inatakiwa izunguke juu ya uso kama mapanga ya feni.

Miale ikivuka hata sehemu zilizoinuka, una sarafu isiyotumika. Ikikatika kwenye vituo vya juu tu, imetumika kidogo. Ikibaki kwenye kona kati ya herufi peke yake, imetumika wastani.

Mwanga ukirudi wote kwa pamoja, umesimama tuli, haizunguki miale, basi mng'aro huo umeletwa na kitambaa.

Fedha nyeusi au ya kijivu isikutishe. Ni utando wa miaka. Miale yaweza kuzunguka chini yake vizuri kabisa, na wanaojua hulipa zaidi kwa sarafu iliyoachwa na utando wake.

## Hatua ya 8: Tafuta madhara

Sasa chukua lenzi ya mara 10. Unahama kutoka daraja kwenda hali.

Kusafishwa. Inamisha sarafu mpaka uwanja ugeuke mweusi, kisha mweupe tena. Mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja ni ya kitambaa, mswaki au majivu. Uwanja mweupe huku weusi umeng'ang'ania kandokando ya herufi ni dalili nyingine. Unga mweupe mkavu ndani ya herufi ni dawa ya kung'arishia iliyobaki. Shaba iliyotiwa ndimu au ukwaju inageuka waridi, rangi ambayo shaba ya zamani haina. Asidi haing'arishi, inakula ngozi ya juu, na vijistari vya Hatua ya 7 vinakwenda nayo. Havirudi.

Kutu ya kijani. Chumvi ya bahari ndiyo adui wa shaba katika visiwa hivi. Gusa kijani hicho kwa kijiti cha mbao. Kikiwa kigumu, chenye uso laini, kimeshikamana, kiache, ni utando. Kikiwa unga wa kijani hafifu unaotoka kwenye kijiti, na chini yake kuna kishimo, kutu iko kazini na itaendelea kula. Sarafu hiyo itengwe na nyingine leo, iwekwe pakavu pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu.

Kijani kinachonata. Hiki hutoka kwenye mifuko na albamu za plastiki laini, zile zenye harufu. Ndilo dhara pekee ninaloshauri litolewe nyumbani, kwa asetoni halisi, sio ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato na mafuta. Tumia chombo cha kioo, fungua dirisha, na jiko lizimwe: mvuke wake hushika moto kwa kasi. Loweka, toa, acha ikauke yenyewe.

Tundu. La kutobolewa hukata herufi au mchoro na kingo zake ni kali au zimejikunja. Lililozibwa huonekana kama duara la rangi tofauti, na mchoro juu yake umechorwa kwa mkono. Fundi mzuri anaweza kukudanganya macho. Hawezi kuidanganya pumzi. Ipumulie sarafu: ukungu hukauka kwa mwendo tofauti pale palipozibwa.

Mapigo ya ukingoni na mikwaruzo. Andika yapo wapi. Mkwaruzo kwenye shavu la mfalme unaumiza kuliko mkwaruzo uleule ndani ya milima.

## Hatua ya 9: Toa daraja

Wakusanyaji duniani hutumia herufi hizi, vifupisho vya Kiingereza (Good, Very Good, Fine, Very Fine, Extremely Fine, About Uncirculated, Uncirculated), nami nazitumia kwa sababu utazikuta popote utakapouza au kununua. Nimezieleza kwa shilingi ya simba.

- G: Umbo la mfalme na simba linaonekana kama kivuli. Mwaka unasomeka kwa shida. Ukingo umeanza kumeza herufi.
- VG: Herufi zote zinasomeka. Ndani ya mchoro hakuna kitu. Simba ni bapa.
- F: Karibu nusu ya mchoro wa ndani upo. Taji lina ukanda, vito vimeungana. Manyoya ya simba yanaonekana pembeni tu.
- VF: Mchoro mwingi upo. Vito vingi vinatengana, manyoya yanasomeka, vituo vya juu vimelainika waziwazi.
- EF: Kila kitu kipo. Uchakavu unauona ukiutafuta, kwenye bega la simba na ukanda wa taji. Mng'aro umebaki kandokando ya herufi. Wamarekani huandika XF.
- AU: Rangi imebadilika kidogo tu kwenye vituo vya juu. Miale inazunguka karibu uso wote.
- UNC: Hakuna uchakavu wowote. Mikwaruzo ya kugongana na nyingine ndani ya gunia la kiwandani inaruhusiwa.

Wamarekani huongeza namba, kutoka 1 hadi 70: F ni 12 na 15, VF ni 20 hadi 35, XF ni 40 na 45, AU ni 50 hadi 58, na kuanzia 60 ni sarafu zisizotumika. Jihadhari unapolinganisha, kwani Waingereza ni wakali zaidi: wanachokiita VF mara nyingi Mmarekani atakiandika XF. Ukisoma bei, uliza kwanza ni ya soko gani.

Pande mbili zikitofautiana, ziandike zote mbili kwa mkwaju, upande wa mfalme kwanza: VF/F. Bei hufuata upande dhaifu. Ukibaki njia panda kati ya madaraja mawili, andika la chini. Mnunuzi akilipandisha mwenyewe, umepata faida na heshima.

Na ile iliyotiwa ndimu? Mpe daraja lake la uchakavu, kisha hali yake mbele ya macho ya kila mtu: "EF, imesafishwa". Usiishushe hadi F ili kufidia. Aliye mbali hatajua ulichokuwa ukikifikiria.

## Hatua ya 10: Andika, lala, rudia

Maandishi ya daftarini yawe hivi:

*Shilingi, Afrika Mashariki, 1924. Gramu 7.66. Haivutwi na sumaku. Mfalme VF, simba F. Umanjano begani na pajani mwa simba. Pigo dogo ukingoni, kulia chini. Haijasafishwa. Daraja VF/F.*

Funika ukurasa. Kesho, taa ileile, pima tena bila kusoma ulichoandika. Majibu yakilingana, weka wino. Yakipishana kwa daraja zima, rudi Hatua ya 6. Mara nyingi kosa liko hapo.

Ukitaka maoni ya wageni, kampuni za PCGS na NGC za Marekani hupima sarafu na kuifungia ndani ya kasha la plastiki gumu lenye namba. Shilingi ya kawaida ya VF hailipi gharama hiyo. Sarafu adimu ya kabla ya 1895 pengine inalipa, lakini usiitie kwenye bahasha ya posta kabla ya kibali cha kuitoa nchini.

Kuhifadhi: kila sarafu bahasha yake ya karatasi, maandishi yaandikwe kabla sarafu haijaingia, maana kalamu hukandamiza na kuchora. Shaba isilale pamoja na fedha. Kisanduku kisiwekwe chini wala kwenye kidaka cha ukuta wa matumbawe unaotoa jasho la chumvi. Kiweke juu ya kabati la mbao, mbali na jikoni. Vipakiti vya unyevu vibadilishwe masika yakiisha, na siku hiyo fungua kila bahasha ya shaba, upitishe kijiti.